Mama Mathilde Akitafuta Dawa ya Kupe

Mama Mathilde wa kijiji cha Wamaza hakuwa mutu mkubwa. Hakuna njia iliyopewa jina lake, na picha yake haikupigwa hata siku moja. Lakini mimi nilipita kwake miaka mingi na mzigo wangu wa chumvi, nikipewa maji na kiti kabla sijasema hodi ya pili, na naona si vizuri mutu kama yule aende hivi hivi bila neno. Ninaandika habari ya kiangazi kimoja tu, cha mwaka 1953, alipokuwa anatafuta dawa ya kupe ya mbwa wake. Mengine niliyaona mwenyewe, mengine alinisimulia yeye akicheka, na yale ya mji wa Kabambare nilielezwa na mshonaji mmoja wa kule. Wenye kucheka kwamba muzee anaandika kupe, wacheke. Kupe ni kadudu kadogo mpaka siku kanapokunywa damu ya kitu unachokipenda.

Mume wake alikuwa mwindaji, jina lake Heri. Homa ya mapafu ilimchukua miaka miwili kabla ya habari hii. Watoto hawakupata. Alimwachia Mathilde nyumba ya miti na udongo, shamba la pamba ya lazima ya serikali kama kila mutu siku zile, na mbwa jike mwekundu mwenye kifua cheupe, aliyeitwa Waseme. Jina hilo Heri alilichagua kwa ajili ya ndugu zake waliokuwa wanamsema kwa kukosa mtoto. Kila jioni alisimama mlangoni akamwita mbwa kwa sauti ya juu, "Waseme! Waseme!" na nyumba zote za jirani zikapata jibu lao.

Kwa wawindaji wa kijiji kile, mbwa aliyeamsha nyama na kuiingiza wavuni ana haki yake: shingo na mguu mmoja wa mbele. Mbwa anaonjeshwa, mwenye mbwa ndiye anayekula. Kwa hiyo Mathilde, mjane asiye na mtoto wala kaka wa karibu, alikula nyama kwa miguu ya Waseme. Tena si nyama peke yake. Mjane mwenye mbwa mzuri anaitwa kwenye kikao cha wawindaji na anapewa kiti. Mjane asiye na kitu anaitwa siku ya kufagia.

Basi kiangazi kile Waseme alikuwa na watoto wawili wa kunyonya, na wawindaji walikuwa wanangoja majani yakauke wayachome, waanze kazi. Asubuhi moja Mathilde akamwekea mbwa ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki. Waseme akanusa, akalala tena. Mathilde akamfungua mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe kama unga. Akapitisha vidole nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia: kupe, kupe, kupe. Na viroboto walikuwa wanaruka juu ya matumbo ya watoto kama mchanga unaopigwa na mvua.

"Wanakumaliza, mama," akamwambia mbwa. "Wanakumaliza na mimi nimekaa."

Wa kwanza kuja na dawa alikuwa Octave, mdogo wa marehemu Heri. Alikuwa mutu wa maneno mengi na roho nzuri, na yeye pia alikuwa na mbwa wa kuwinda, dume, aliyeitwa Leta. Alikuja na chupa chini ya kwapa.

"Shemeji, toa mbwa. Nimepata dawa ya wazungu."

"Dawa ya nini?"

"Ya kupe! Ya ile birika ya kuogeshea ng'ombe, kule kwenye shamba ya mzungu. Ng'ombe inaingia na kupe yake, inatoka safi kama padri siku ya Pasaka."

"Na mlinzi wa birika alikuambia inafaa mbwa?"

"Mlinzi alisema iko ya ng'ombe. Lakini shemeji, tumia akili. Ng'ombe mkubwa vile haifi. Mbwa kadogo itakufa kwa nini?"

Mathilde akafungua chupa, akanusa. Haikuwa na harufu yoyote. Akaifunga.

"Octave, ng'ombe akitoka ndani ya birika anaenda wapi?"

"Anaenda kula majani."

"Na mbwa akiloa maji anafanya nini?"

Octave akanyosha mkono arudishiwe chupa.

"Anajilamba," Mathilde akasema. "Kutoka mkia mpaka vidole. Dawa ya kumpaka mbwa ni dawa ya kumnywesha mbwa. Usiniambie ni ya nje."

"Wewe unaogopa kila kitu. Ndiyo maana kaka alikuwa anachelewa kufika wavuni."

"Alikuwa anachelewa sababu ya kungoja wewe uamke."

Wakacheka wote wawili, na Octave akaenda na chupa yake. Alimwosha Leta siku ile ile, na dawa yote, bila kuongeza maji. Kabla ya jioni kupe walianguka kweli. Octave akapita mbele ya nyumba ya Mathilde mara mbili bila sababu, Leta akimfuata, manyoya yanang'aa. Asubuhi Leta akatapika. Mchana miguu ya nyuma ikakataa. Kesho yake, jua halijapanda vizuri, alikuwa amekufa na povu mdomoni.

Mathilde alikwenda na jembe lake. Akachimba pamoja na Octave bila kusema neno la "nilikuambia". Walipomaliza, Octave alibaki amechuchumaa.

"Nilitaka awe safi tu, shemeji."

"Alikuwa safi," Mathilde akamjibu. "Nilimwona akipita. Alikuwa safi sana."

Tangu siku ile Octave hakuleta dawa tena, wala hakumcheka mutu juu ya mbwa.

Baada ya yeye alipita Raphaël. Huyu alikuwa muganga mdogo wa dispanseri, kijana wa baiskeli, aliyekuwa anatembelea vijiji na kopo la pudri nyeupe ya kuua chawa vichwani mwa watu. Mathilde alimngojea njiani na kikapu cha karanga.

"Mwanangu, pudri hii inaua viroboto?"

"Viroboto, chawa, hata mende zinalala chali."

"Na kwa mbwa?"

Raphaël akaegemeza baiskeli. "Mama, mimi walinifundisha vichwa vya watu. Mbwa hawakunifundisha."

"Kama angekuwa wako?"

Akafikiri. "Kuna kambi moja ya wachimba dhahabu, walimwaga pudri nyingi ndani ya nyumba. Tukafurahi, hata panya walikimbia. Kisha paka wakaanza kutetemeka. Wakafa mmoja mmoja. Paka anajilamba kama mbwa. Na huyu wako ananyonyesha."

"Basi hukunipa dawa."

"Sikukupa, mama. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Mutu anayeniambia sijui, huyo kesho akiniambia najua, nitamwamini. Chukua karanga."

Raphaël alichukua karanga, akapanda baiskeli, kisha akashuka tena. "Neno moja nalijua. Kiroboto anakula juu ya mbwa, lakini kwake ni chini, pale mbwa anapolala. Ukimfukuza juu ya mbwa peke yake, umefukuza mgeni, mwenyeji amebaki."

Mathilde akarudi nyumbani, akatoa majani yote ya mgomba aliyokuwa analalia Waseme, akayachoma. Akakwangua udongo wa juu na jembe, akautupa mbali, akamwaga majivu ya moto, akafagia, akaweka majani mapya. Kila siku ya tatu akachoma tena na kuweka mengine. Juma moja halijaisha, watoto walikuwa wanalala bila kujikuna. Kwa viroboto alikuwa ameshinda, bila tone la dawa.

Kupe ndio walibaki. Aliwatoa kwa vipande viwili vya mwanzi alivyovichonga vyembamba, akimshika kila mmoja karibu na ngozi na kumvuta wima, polepole, ili kichwa kisibaki ndani, kisha anamtupa ndani ya makaa. Alitoa mpaka macho yakauma. Kesho yake wengine. Jirani mmoja akamshauri petroli ya taa. Mathilde akapaka tone kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa ndani, akakaa nalo mpaka ngozi ikawa nyekundu na kuwaka.

"Na hii," akamwonyesha yule jirani, "niipake tumbo la mama anayenyonyesha? Wewe mwanao ulimnyonyesha na petroli?"

Ndipo akamwendea Bibi Faida, mwanamke mzee aliyekuwa anaishi karibu na mto na kuvua kwa vikapu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na utupa, ule mti mdogo ambao watu wanaponda majani yake na kulewesha samaki. Serikali ilikuwa imekataza uvuvi ule, lakini kukataza ni kitu kingine na miti kuota ni kingine.

"Bibi, samaki wa utupa umekula tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa na meno."

"Na hukufa?"

"Wewe unaongea na nani, na mzimu?"

"Samaki anakufa, mutu anakula samaki, mutu hafi. Mimi nataka dawa kama hiyo, ya kuua kadogo na kuacha mkubwa."

Bibi Faida akacheka mpaka akashika mbavu. "Unataka kuvua mbwa! Mjane huyu! Sikiliza, mwanangu. Utupa haujui mkubwa na mdogo. Nguruwe mmoja alikunywa ndani ya chungu changu, akalala pale pale, nikatafutwa kijiji kizima. Ile kitu inataka kidogo. Ukipenda kidogo, itakupenda. Ukiwa na haraka, utachimba kaburi."

"Haraka ninayo. Lakini nitaifunga."

Na kweli aliifunga. Siku ya kwanza aliponda kiganja kimoja cha majani, akaloweka ndani ya kibuyu kikubwa cha maji, akachuja na kitambaa. Akapaka mkono wake. Hakuna kitu. Akagusa tone moja kwa ncha ya ulimi, ulimi ukafa ganzi mpaka mchana, akawa anaongea kama mlevi, na jirani wakafurahi sana. Hapo akajua: mbwa asilambe hata kidogo mpaka ikauke, na chuchu zisafishwe kabla watoto hawajanyonya. Siku ya pili akamwosha kuku mwenye chawa. Akangoja siku tatu kuona kama kuku ataendelea kutaga. Akataga. Watu wakamwita daktari wa kuku.

"Sawa," aliwaambia, "lakini kuku wangu iko hai."

Siku ya kumwosha Waseme, Mathilde alichimba shimo mbali na mto, ili maji yale yasifike kwa samaki. Alianza asubuhi, jua likiwa limepanda, ili akauke upesi. Alimpaka kwa kitambaa kuanzia mgongoni, akaruka macho na pua, akaingia ndani ya masikio kwa kidole tu. Akamfunga mdomo na utepe laini, akamlaza juu ya mapaja yake juani, akakaa hivyo mpaka manyoya yakakauka kabisa, akimwimbia nyimbo za kanisa alizozijua nusu nusu. Kisha akaosha chuchu kwa sabuni na maji safi mara tatu, ndipo akawaleta watoto. Watoto wenyewe hakuwapaka. "Hawa wamefika dunia juzi," alisema. "Hawa ni kazi ya vidole."

Kupe walianguka. Akawafagia pamoja na majani. Siku ya pili Waseme akala ugali nusu. Mathilde akalala usingizi wa kwanza tangu majuma matatu.

Siku ya tano kupe walikuwa wamerudi.

Akaosha tena, vile vile, kwa kiasi kile kile. Wakaanguka. Baada ya siku nne, wamerudi. Na ufizi bado mweupe, na sasa miguu ilikuwa inatetemeka mbwa akisimama. Octave alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Labda uongeze majani, shemeji. Iwe kali."

"Leta alioshwa na kali."

Octave akainamisha kichwa. Mathilde akajuta neno lile, akamvuta akae. "Nisamehe. Kaa. Unisaidie kufikiri. Kulala kwake nimechoma. Mwili wake nimeosha. Haendi porini tangu alipougua. Hawa wanatoka wapi?"

Walikaa wakimwangalia. Na Waseme, aliyekuwa amelala kwa ubavu, akainua mguu wa nyuma polepole kama mutu mzee, akajikuna shingoni. Kengele yake ikalia kidogo.

Lazima nieleze kengele hii. Mbwa wetu wa kuwinda habweki, kwa hiyo anavalishwa kengele ya mti ili watu wajue iko wapi ndani ya majani marefu. Ya Waseme ilifungwa na mkanda mpana wa ngozi ya mbogo. Wawindaji wa kijiji kile walikuwa na sheria: siku mbwa anapoingiza nyama yake ya kwanza, mwenye mbwa anamfunga mkanda, na aliyefunga ndiye peke yake anayefungua. Mwingine akifungua ao akikata, amekata njia ya mbwa, hataona nyama tena. Mwenye mbwa akifa, mbwa anazeeka na fundo lake. Kwa hiyo tangu Heri alipokufa, mkono wa mutu haukugusa mkanda ule. Mathilde alipompaka mbwa dawa, alipaka shingo upande wa kichwa na upande wa mabega, akaruka mkanda bila hata kujua kwamba anauruka. Ni kama mutu anayefagia nyumba na kuzunguka kiti cha baba.

Akaingiza kidole kidogo chini ya mkanda. Kidole hakikuingia. Kulikuwa kumejaa.

"Octave," akasema. "Wako hapa. Wote wako hapa. Siku ya dawa wanajificha ndani, dawa ikikauka wanatoka matembezi."

"Basi," Octave akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi imeisha. Fundo la kaka."

"Nikate."

"Ukikata, atapona na hatakuwa na kazi. Hakuna mutu atamchukua wavuni. Na mimi mwenyewe, shemeji, sitaweza. Nimeua mbwa mmoja kwa mikono yangu mwaka huu."

Mathilde hakukasirika. Hakuwa mutu wa kuogopa sana sheria za wanaume, lakini mikono iliyofunga fundo lile alikuwa ameipenda, na kisu hakikumpendeza. Akamshika Waseme kichwa, akamgeukia Octave.

"Niambie, Octave. Somo wa mutu ni nani?"

"Somo? Mwenye jina lake? Ni mutu mwenyewe. Kila mutu anajua."

"Na somo wa kaka yako akikuita, utaitika?"

"Nitaitika. Nitamwita kaka."

"Umesema wewe, si mimi." Akasimama, akatafuta kikapu. "Heri iko Kabambare. Nakwenda kumwita mume wangu afungue mbwa wake."

Somo huyo alikuwa Heri bin Zuberi, mshonaji wa nguo, Mwislamu wa mji, wa zile familia zilizokaa kule tangu wakati wa misafara. Zamani marehemu alimpelekea nguo ya kushona, wakajuana kwa jina, na tangu siku ile waliitana somo na kupelekeana zawadi: huyu nyama, yule kanzu. Kwa mzaha wa jina, mshonaji alimwita Mathilde mke wangu, na mke wake wa kweli, Nuru, alimwita mke mwenzangu.

Njia ilikuwa ya siku mbili kwa mguu. Mathilde aliweka watoto wawili wa mbwa ndani ya kikapu kichwani, na Waseme alimfuata pale alipoweza. Pale asipoweza, Mathilde alimbeba mgongoni ndani ya kitambaa, kama mtoto, miguu inaning'inia. Watu wa njiani walisimama kumwangalia. Mmoja akauliza, "Mama, huyo amefanana na baba yake?" Mathilde akamjibu, "Baba yake alikuwa mzuri kuliko wewe," akaendelea.

Kila alipopumzika alifungua mdomo wa mbwa akaangalia ufizi. Siku ya pili, mchana, ufizi haukuwa na rangi tena.

Mshonaji alikuwa barazani na mashine yake. Alipomwona alifurahi, akasimama na futi ya kupimia nguo shingoni.

"Mke wangu! Umeniletea nini ndani ya kikapu?"

"Watoto."

Akachungulia. Akaruka nyuma. "Mathilde! Mimi ni Mwislamu!"

"Najua. Ndiyo maana sikumpitisha mtoni leo. Iko mkavu kabisa." Akamteremsha Waseme, akaeleza habari yote, ya Leta, ya pudri, ya utupa, ya fundo. Hakuficha hata ganzi ya ulimi. Mwishoni akasema, "Somo wako alifunga. Hakuna mwingine. Kama hutaweza, niambie sasa, nikate mwenyewe, maana kesho hataiona."

Mshonaji akamwangalia mbwa. Waseme alikuwa amelala pale alipowekwa, macho nusu wazi.

"Nuru!" akaita ndani. "Njoo usikie mambo ya mke mwenzako."

Nuru alikuja na mwiko mkononi, akasikiliza, akamgeukia mume wake. "Sasa unaogopa nini? Mkavu kwa mkavu hakuna neno, mwalimu alisema."

"Na akinilamba?"

"Akikulamba utaoga mara saba, moja na udongo. Maji iko. Udongo, Mungu amekuwekea dunia nzima."

Basi Heri akakunja mikono ya kanzu, akachuchumaa. Fundo lilikuwa limekauka kama mfupa. Alijaribu vidole, likakataa. Akaingia ndani akatoka na sindano kubwa ya kushonea magunia. Fundi wa nguo anajua mafundo: hakulivuta. Alitafuta mahali pa mwisho pa kupita kwa ngozi, akaingiza ncha pale, akazungusha kidogo, akaongeza tone la mafuta ya ngazi, yaani mawese, akangoja, akazungusha tena. Jasho lilimtoka puani. Alikuwa anaongea peke yake, kwa sauti ya chini, "Somo, ulikuwa na mikono ya chuma, somo. Legeza. Mimi ni wewe."

Fundo likafunguka.

Mkanda ulipotoka, Nuru akarudi hatua moja. Kupe walikuwa wamepangana shingo nzima, wanene, wa rangi ya majivu, kama mbegu za mbarika kwenye sahani, na chini yao ngozi imekuwa kidonda. Mathilde alitoa vipande vyake vya mwanzi, akaanza. Mmoja, mmoja, wima, polepole. Heri akaleta makaa ya pasi yake, akashikilia pasi wazi, na kila kupe aliyeingia alipasuka kidogo. "Huyu wa pili alikuwa mtemi," akasema. "Huyu alikuwa mke wake." Waliendelea mpaka jua likashuka nyuma ya paa. Mathilde akaosha kidonda kwa maji ya chumvi vuguvugu, akapaka utupa wake mwepesi aliokuja nao, pembeni tu, si juu ya nyama wazi, akafunga kitambaa safi alichopewa barazani.

Na Waseme, bila haraka, akageuza kichwa akamlamba mshonaji mkono mzima, kutoka kidole mpaka kiwiko.

"Ahaa!" Nuru akapiga makofi. "Mume amejulikana!"

Akamwagia maji mwenyewe, akihesabu kwa sauti ya kusikiwa njia nzima, na kila alipofika tano alijifanya amesahau akaanza upya.

Walikaa pale siku nne. Siku ya kwanza Waseme alikunywa maji tu. Siku ya pili alikunywa mchuzi. Watoto, Mathilde aliwapa uji wa mahindi kwa kidole ili wasimalize mama yao. Kila asubuhi na kila jioni alipitisha vidole mwili mzima, akaangalia ufizi kwenye mwanga wa mlango. Siku ya tatu alimwita Nuru.

"Mke mwenzangu, macho yangu yamechoka. Hii ni nyeupe ao ni nyekundu?"

Nuru akainama. "Ni kama ua jekundu la kanga lililofuliwa sana."

"Lakini lilikuwa ua?"

"Lilikuwa ua."

 Mchana ule Heri alikuwa amekata kipande cha kitambaa kigumu cha hema, akakishona mara nne, akakipa vifungo viwili vya koti la askari, ili mkanda mpya ufunguliwe na mutu yeyote mwenye mbwa mikononi, kila siku ya kuoshwa. Alikuwa amemwambia Mathilde aueleze vizuri kwa wawindaji: Heri mwenyewe ndiye aliyefunga, na Heri mwenyewe ndiye aliyesema ufunguliwe. Mathilde aliukubali, akauweka pembeni. Haukuwa na maana bado. Mkanda wa mbwa aliyekufa ni kitambaa tu.

Asubuhi ya nne Mathilde alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Akasikia Nuru anapiga kelele jikoni, kishindo cha sufuria, kisha kitu chekundu kikapita mbele yake mbio, masikio yamelala nyuma, na samaki mkavu mzima mdomoni. Nyuma yake Nuru na mwiko.

"Mwizi! Mathilde, mbwa wako mwizi! Samaki wa wageni! Ameruka meza! Meza nzima ameiruka!"

Mathilde alibaki na nguo mikononi, maji yanamdondoka miguuni. "Ameruka?"

"Kama swala! Shika!"

"Nuru, ameruka kwa miguu yote?"

Nuru akasimama. Akashusha mwiko. Waseme alikuwa amefika chini ya ua wa miti, samaki kati ya miguu ya mbele, anatafuna kwa haraka huku akiwaangalia wote wawili bila aibu hata kidogo. Mathilde akakaa chini pale pale kwenye matope ya maji ya kufulia, akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kingine, na Nuru akaja akakaa karibu naye, akamwekea mkono begani.

"Nitakulipa samaki," Mathilde akasema alipoweza.

"Nyamaza," Nuru akamwambia. "Mwache amalize na mifupa."